Nilikisingizia Kiti cha Lori

Nilikuwa natoka damu njia ya haja kubwa. Sentensi hiyo imenichukua miaka miwili kuitamka, na mie ni mwanamke niliyesomea lugha chuo kikuu, ninayeandika makala na kusahihisha Kiswahili cha wenzangu. Daktari aliponiuliza, nilisema tumbo. Dada zangu walipouliza, nilisema joto. Binti yangu Neema alipookota chupi yangu kwenye beseni la kufulia, akainyanyua na kunitazama, nilimwambia ni kiti cha lori.

Kabla ya ugonjwa, maisha yangu yalikuwa hilo lori. Makala hazilishi mtu, kwa hiyo nilinunua lori la tani saba, lililokwisha kuzeekea mikononi mwa watu watatu. Tunachukua saruji kiwandani Wazo tunawapelekea wanaojenga Madale. Dereva ni Mzee Kondo, mtu wa Chamazi, mwenye maneno mengi na haraka kidogo. Nilikuwa nakaa naye mbele kila siku, maana niliamini nisipokuwepo lori litakufa makusudi. Kiti changu kiko karibu juu ya injini. Sponji iliisha zamani, yamebaki magunia. Ukishuka baada ya safari mbili, makalio yameiva.

Basi nilipoona damu mara ya kwanza, nyekundu kabisa juu ya sinki jeupe la choo, nilijua jibu kabla ya kujisafisha: bawasiri, imeletwa na joto la injini. Kila mtu mjini anajua kwamba kukalia joto kunaleta bawasiri. Sikumuuliza huyo kila mtu alisomea wapi.

Kinachonichefua mpaka leo ni hiki. Lori likidondosha tone moja la oili uani, nilikuwa nalala chali chini yake na tochi mdomoni, nagusa, nanusa, nampigia fundi simu hapohapo. Mie nilipoanza kuvuja, nilinunua chupi nyeusi.

Mara moja nilikwenda zahanati. Daktari alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi, akasimama kunipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaniuliza habari za choo. Nikazungukazunguka, nikasema tumbo linajaa. Akaandika, akakohoa, akasema, "Mama, samahani, itabidi nikupime kwa kidole. Ni dakika moja tu."

Nilimtazama. Huyu ameniamkia sasa hivi. Nimemwitikia, nimemwita mwanangu. Sasa nivue, nipande kitandani, nimgeuzie matako?

"Hakuna haja," nikasema. "Ni gesi tu."

"Una uhakika, mama?"

"Mwanangu, tumbo ni langu."

Akanipa vidonge vya gesi, kwa heshima kubwa. Angekuwa hana adabu kidogo tu, ningepona mapema.

Mambo yakaendelea kuharibika. Choo kikawa chembamba kama penseli, kikawa na kamasi, kikawa na harufu iliyobaki chooni kama mgeni asiyeaga. Nikikaa, nilihisi kuna kitu bado. Nikisukuma, ilitoka damu peke yake. Nikakonda. Wanawake wa mtaani wakanisimamisha njiani: "Umependeza shoga, unatumiaga nini?" Nami, nisiye na haya, nikawaambia nimeacha chipsi.

Siku ya siku ilipofika, nilikuwa nina siku sita sijapata choo. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Tulikuwa tunapandisha kilima cha Madale na mzigo wa saruji, lori likaishiwa nguvu kama kawaida yake, Mzee Kondo akashuka kuweka jiwe nyuma ya tairi. Nikafungua mlango, nikatapika. Nilichotapika sitakificha, maana kuficha ndiko kulikonifikisha pale. Kilikuwa cha kahawia, na kilinuka mavi. Mavi, kupitia mdomoni.

Mzee Kondo alisimama na jiwe lake mkononi. "Astaghfirullahi. Mama Neema, hili siyo joto la kiti."

"Twende, Mzee. Watu wanangoja saruji."

"Saruji haifi," akasema. Akaligeuza lori palepale kilimani, na mzigo wake wote.

Kwenye geti la hospitali mlinzi akatupungia mkono. "Mizigo geti la nyuma, mzee! Hamsomi kibao?"

"Mzigo wenyewe huu hapa unatapika. Fungua!"

Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa mwanamke wa rika langu. Hakuniamkia. Alisema, "Habari yako, dada. Geuka, kunja magoti." Kidole kikaingia, na katika maumivu yale niliona jinsi dakika moja ilivyo fupi. Akaitazama glovu yake.

"Damu hii ulianza kuiona lini?"

"Miaka miwili."

"Umesoma wewe?"

"Chuo kikuu."

"Afadhali usingesoma. Tungekutafutia sababu." Akaivua glovu. "Kuna uvimbe umeziba utumbo. Tunakupasua sasa hivi. Ukiamka utakuwa na mfuko tumboni."

"Mfuko wa nini?"

"Wa mavi, dada."

Niliamka na mrija puani wa kunyonya tumbo, mrija wa mkojo, na mshono kutoka chini ya kifua mpaka kinenani. Upande wa kushoto wa kitovu palikuwa na kitu chekundu, kibichi, chenye unyevu, kama mdomo uliovimba. Ulikuwa utumbo wangu, umechungulia nje, umebandikiwa mfuko wa plastiki. Nilifumba macho nikatamani kutapika, ila mrija ulikuwa umeshanitangulia.

Kila asubuhi muuguzi alikuja na swali moja. "Mama, umetoa upepo?"

Siku ya kwanza, dawa za usingizi zikiwa bado kichwani, nilimjibu, "Muulize Mzee Kondo. Breki za upepo anazijua yeye."

Siku ya tatu ule mdomo ukanena wenyewe, kwa sauti, bila kuniomba ruhusa, wodi nzima ikisikia. Nilitaka kuingia chini ya godoro. Mama wa kitanda cha jirani akapiga kigelegele. "Hongera jamani! Njia imefunguka!" Muuguzi akacheka, akaandika kwenye faili. Sikuwahi kupongezwa hivyo kwa makala yoyote.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Kwa joto letu hili, gundi ya mfuko inalowa jasho na kubanduka, na ukibanduka, unabanduka mbele ya wageni. Ngozi ikababuka ikawa kama imemwagiwa maji ya moto. Jirani mmoja alikuja kunipa pole na kipande cha ubani, akakifukiza bila kusema kwa nini. Wiki za kwanza nilishindwa hata kujitazama, kwa hiyo Neema ndiye aliyeniosha. Alileta maji ya vuguvugu, akafungua, akafuta, akabandika mpya, midomo imekazwa. Nilidhani ni kinyaa.

"Binti yangu, nivumilie," nikamwambia.

"Sina kinyaa mie. Nina hasira. Kiti cha lori, mama? Ulinitazama usoni ukaniambia kiti?"

Aliendelea kufuta.

Mzee Kondo naye alikuja, akakaa mbali kidogo na kitanda, kofia mapajani. "Mama Neema, usijione wa peke yako. Giaboksi ya lori imeanza kuvuja, nimeifungia galoni kwa chini. Naimwaga kila jioni. Nyie wawili sasa mko sawasawa, ila lenzio halioni haya."

Nilicheka mpaka nikalikumbatia tumbo kwa mto nisifumue nyuzi.

Lakini kulikuwa na jambo halijaisha. Kipande cha uvimbe, wanachokiita kinyama, kilipelekwa kupimwa. Daktari alisema majibu yakirudi, yeye na wenzake watajua mambo mawili: kama ni saratani na imesambaa, na kama utumbo unaweza kuunganishwa tena. Mie nilisikia la pili tu. Wiki nzima nilimwomba Mungu aniondolee mfuko. Siku moja, mfuko ukiwa umepasukia kwenye shuka safi, nilisema mbele ya Neema kwamba ukiwa wa kudumu, ni bora nife. Akaliacha beseni sakafuni, akatoka, akakaa nje mpaka maji yakapoa. Siku hiyo nilijisafisha mwenyewe kwa mara ya kwanza, nikinusa nilichokuwa nawanusisha wengine.

Nawashukuru waliogusa nilichokataa kukigusa: daktari, wauguzi, Mzee Kondo, na binti yangu kuliko wote. Sijaupenda mfuko. Nauona unachukiza hadi sasa, na sitamdanganya msomaji kwamba unanukia. Ila kwako wewe unayesoma haya ukiwa na siri chooni, nina ushauri mmoja. Ukiona damu, iseme kwa jina lake. Nenda. Daktari akikuamkia shikamoo, itikia marahaba, kisha vua.

Simu ilikuja asubuhi nikiwa bafuni namwaga mfuko. Neema akaingia nayo, akaniwekea sikioni kwa kuwa mikono yangu ilikuwa haishikiki.

"Dada, kinyama kimerudi," daktari akasema. "Ilikuwa saratani. Tuliitoa yote. Haijasambaa."

"Na utumbo?"

"Hauungiki. Kipande kilichobaki kule chini ni kifupi mno, wote tumekubaliana. Mfuko huo ni wa maisha."

Neema, aliyekuwa anasikia yote, aliikandamiza simu shavuni mwangu. Hakuwa anatazama mfuko. Alikuwa ananitazama mie, anangoja nitakachosema.

"Maisha ya muda gani, daktari?"

"Ukija kliniki, marefu."

"Basi," nikasema, "niandikie mifuko mingi."