Jumatano ya Kufukia Begi

Tangu asubuhi Josiane alikuwa na kiredio chake kifuani, kile kinachotuma mlio ili aliyefukiwa na theluji apatikane, chini ya aproni, kama mtoto anayelala na viatu vya sikukuu. Alikuwa na miaka sitini na miwili, baa ya meza kumi na moja, na goti la kulia ambalo daktari wa huko bondeni angelipasua Januari. Baada ya hapo hakuna skii mpaka msimu ujao, na daktari alipoulizwa kuhusu msimu ujao alianza kutafuta kalamu yake. Basi Josiane alibakiwa na siku moja tu: kesho, Alhamisi, kwenye Mteremko wa Mbuzi, nje ya kamba ya mpaka, kule theluji huweza kuporomoka, theluji mpya ikifika magotini. Ijumaa upepo ungekuja na kuifanya ngumu kama ubao.

Lakini kwanza kulikuwa na begi. Sheria ilikuwa yake mwenyewe, aliitunga miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya siku waliyomtafuta mwenzao Rémy chini ya theluji kwa dakika arobaini, wakachelewa. Kila Desemba, begi lenye kiredio kinachotuma mlio linafukiwa nyuma ya baa. Anayetaka kwenda na kundi nje ya kamba anageuza kiredio chake kipokee, anafuata namba za umbali zinavyopungua, anachoma theluji kwa fimbo, anachimba. Dakika nne. Ukishindwa, unakaa wiki nzima bila kuvuka kamba. Na ukiacha chako kikituma wakati mwenzako anatafuta, umeshindwa hata kabla ya zamu yako, maana unamvuta kwako huku aliyefukiwa anaishiwa pumzi.

Saa tatu usiku baa ilikuwa imefurika. Wageni walicheza juu ya mabenchi wakiwa na viatu vyao vizito vya skii, chupa zinatikisika rafuni. Nyuma, kwenye taa ya jikoni, Aimé mwokaji mikate alikuwa ameshalipata begi kwa dakika tatu, anahema kama ng'ombe.

"Tumbo ndilo linalokuchelewesha," Loïc, kijana dereva wa trekta la kusawazisha theluji, alimwambia.

"Hili tumbo ndilo linalokulisha, mshenzi wewe. Haya, zamu yako."

Begi likafukiwa pengine, Loïc akaanza. Josiane alitoka jikoni na sinia la mvinyo wa moto, akasimama ukutani kumtazama. Kijana alikwenda vizuri, halafu akakata kona ghafla.

"Kumi na mbili… nane… nne…" Alikuja moja kwa moja, macho kwenye kifaa, mpaka fimbo yake ikagonga kiatu cha Josiane. "Nimempata maiti! Tena kashika mvinyo!"

Watu wakaangua kicheko. Josiane naye akacheka. Kisha Aimé akaacha kucheka, akamtazama kifuani, na Josiane akaingiza mkono chini ya aproni. Kitaa chake chekundu kilikuwa kinawaka na kuzimika: kiredio kilikuwa bado kinatuma.

"Hii haihesabiki, Josi," Aimé alisema. "Umetoka kwenye kazi, una sinia mkononi."

"Inahesabika."

"Mama, mimi sijaona kitu," Loïc alisema. "Rudi jikoni, uzime, tuanze upya."

"Wewe mwanangu, dakika ngapi umepoteza kuja kwangu?"

Loïc alikung'uta theluji kwenye fimbo yake.

"Dakika ngapi?"

"Moja na nusu."

"Basi. Kunyweni, unapoa." Akazima kiredio, akagawa vikombe, akarudi kwa wageni. Mmoja alimwomba acheze naye, akacheza, kwa mguu wa kushoto zaidi.

Asubuhi alipanda na kundi lifti ya mlimani hadi juu. Hakuna aliyethubutu kumuuliza anakwenda wapi. Penye kamba alisimama, kila mmoja akapita mbele yake kifua mbele, naye akihakikisha kiredio chake kinatuma.

"Nibaki nawe?" Aimé aliuliza. "Tushuke kwa njia ya kawaida, tunywe kahawa."

"Ukibaki nitakuzika humu humu bila kiredio. Nenda!"

Wakaenda, mmoja mmoja, wengine wakisubiri. Josiane aliegemea fimbo zake za skii kuwatazama. Mteremko ulikuwa mpana, mweupe, haujaguswa, lakini wale wapumbavu walishuka wote upande wa kulia, alama zao zimebanana kama watu sita kwenye benchi la watu watatu. Aimé alianguka kona ya tatu kwa sababu hakujiachia nafasi ya kugeukia. Upande wa kushoto wote waliuacha safi, kama kiti anachowekewa mtu.

"Upepo utaula kesho!" Josiane alipiga kelele. "Utaula wote, mbumbumbu nyie!"

Kutoka chini Loïc alipunga mkono, kana kwamba hakusikia.

Josiane alivua miwani ya theluji, akaifuta, akaivaa. Halafu akageuza skii zake na kushuka polepole kwa njia ya kawaida, nyuma ya mstari wa watoto wa shule, akiwakaripia walioegemea nyuma sana kwenye skii zao.