Fundi wa Lawton anayefumua mshono wake mwenyewe

Saa mbili asubuhi mjini Lawton, Oklahoma, Nadine Stroud anafanya kazi asiyoipenda fundi yeyote: anafumua mshono wake mwenyewe. Suruali ya kaki iko mapajani mwake, ncha ya wembe inachokoa uzi mmoja mmoja. Mwenye suruali amekaa mbele yake na kaptura, kanuna.

"Unaniaibisha, mama," anasema Harlan Beasley.

"Nyamaza, Sajenti. Aibu ilikuwa mwaka jana."

Harlan, 61, aliumia goti katika vita vya jangwani vya mwaka 1991. Tangu hapo anatembea na vyuma vilivyofungwa kuanzia pajani hadi kwenye muundi. Bawaba ya goti inatafuna kitambaa kwa ndani. Suruali mpya haimalizi miezi miwili.

Serikali ina fidia ya nguo kwa watu kama yeye, kiasi cha dola elfu moja kwa mwaka. Lakini karani wa hapa anataka auone uharibifu kwa macho yake. Wakubwa waliompeleka Harlan vitani hawakumdai ushahidi wa kitu. Kumrudishia bei ya suruali, ndipo wamekuwa wagumu wa kuamini.

Mwaka jana aliitwa apeleke nguo zake. Sasa mtu aliyelitumikia jeshi miaka kumi na minne, utamwambiaje asimame mbele ya meza ya mkubwa na nguo iliyotoboka? Alizipeleka zote kwa Nadine zikazibwa, akazitia wanga, akazipiga pasi. Karani akazigeuza huku na huku, hakuona tundu. Dai likakataliwa.

"Na mimi nilijivuna," anasema Nadine. "Nilimwambia, huyo karani hata avae miwani miwili, uzi wangu hauoni. Kweli hakuuona."

Baridi ile yote Harlan alibaki na suruali mbili za kubadilisha, zote zimetoboka upya. Kanisani hakuonekana.

"Alimwambia mchungaji ana mafua," anasema mkewe, Jolene, aliyesimama mlangoni na funguo za gari. "Mafua ya miezi mitatu. Mwanamume mzima."

"Si nilikuwa napiga chafya?" anajitetea Harlan.

Nadine ana miaka 64, na zaidi ya thelathini ameimaliza kwenye cherehani nje ya lango la kambi ya jeshi, akishona beji na kupunguza sare. Suruali moja anaziba kwa dola nane. Kodi ya chumba imepanda mara mbili tangu azikwe mumewe, Roy, naye alikuwa mtu wa vyuma mguuni. Roy hakudai fidia hata siku moja. Hakuna bosi aliyejisumbua kumwambia ipo.

Ndiyo maana leo, siku ya mwisho ya kupokea madai, Harlan alipoingia na suruali nne akiomba zizibwe upesi, Nadine alikataa katakata. Akachukua wembe, akaanza kufumua zile mbili alizoziziba majira ya kuchipua.

"Basi nipigie hata pasi," Harlan anasihi.

"Pasi nitakupigia, baba. Tundu siligusi."

Anaipiga pasi mpaka mstari unasimama kama wembe, unafika kwenye tundu, unaruka, unaendelea hadi chini.

Saa nane mchana gari la Jolene linarudi. Harlan anashuka taratibu, anajaribu kutotabasamu.

"Karani alipitisha kidole tunduni," anasema. "Kikatokea upande wa pili. Akaniuliza nani kapiga pasi suruali iliyotoboka hivi. Nikamwambia fundi wangu, na kama una shati, mpelekee."

"Na dai amelipitisha?"

"Amelipitisha."

Nadine anageukia cherehani kama mtu aliyepotelewa na kitu. Baadaye anasema Jumamosi ataenda kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu awaambie wote wenye vyuma: waanzie ofisini na matundu yao, kwake waje baadaye. Na kabla ya baridi anataka kushona suruali za aina yake, pana gotini, zenye ngozi laini kwa ndani.

"Nimezeeka nikiziba," anasema. "Nataka nishone kitu ambacho chuma kitakishindwa."

Ya kwanza ni ya Harlan. Anavuta futi shingoni.

"Kiuno?"

"Kilekile cha jeshini."

"Jeshi la nani, Sajenti?" anauliza Nadine, na kulizungushia futi tumbo lake.