Nilipiga redioni kuusemea ukame wa Handeni, salamu zikaniumbua

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi ni darasa la nne tu, ila kwa biashara nilizopitia nilijua hakuna kitu cha kunishtua duniani. Nasimulia kilivyokuwa, chumvi sijatia.

Miaka ile redio za watu binafsi zimefumuka, simu za mkononi ndiyo zinashika kwetu Kabuku, Handeni. Nilikuwa na Canter langu, jasho langu, si urithi. Ubavuni limeandikwa MTAJI NGUVU. Mzigo wa mahindi wa kubeba nilikuwa napewa na tajiri mmoja wa Korogwe, tumwite Bosi. Alikuwa na biashara ya mkaa pia, ila huo alibeba kwa magari yake.

Mvua ikagoma msimu wa pili. Mahindi ya mama yangu kule Kwaluguru yakakauka yakiwa usawa wa magoti.

Siku moja niko kijiweni, redioni mtaalamu anasema mabadiliko ya hali ya hewa yanaletwa na viwanda vya Ulaya. Nikapandwa na hasira. Nikapiga.

"Naitwa Juma wa Korogwe," nikaficha jina. "Ulaya sawa, lakini msitu wa huku kwetu umenyolewa na tajiri wa mkaa, na viongozi wanakula naye!"

"Asante Juma. Unawasalimu akina nani?"

Wakuu, ugonjwa wa salamu! Mdomo ukaenda wenyewe: "Mke wangu Mama Zaituni, na vijana wangu wa Canter Mtaji Nguvu, Kabuku!"

Kijiwe kizima kikanigeukia.

Muuza kahawa akasema taratibu, "Juma, kahawa yako inapoa."

Jioni Bosi akaja. Hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mdogo wangu, wiki ijayo piga tena. Sema ulikuwa umelewa. Ukishindwa, gari lako litafutie mzigo kwingine."

Usingizi ukakatika. Mke wangu: "Baba Zaituni, si useme tu ulilewa? Wangapi wanalewa?"

Nikaenda kwa mama. Nikamkuta anang'oa mabua awape mbuzi.

Siku ikafika. Redio zote za Kabuku sauti juu, Bosi amekaa mbele yangu, miguu kaikunja nne. Nikapiga.

"Mimi si Juma. Ni Baba Zaituni wa Kabuku. Sikulewa. Nilichosema nimesema. Na namsalimia Bosi, yuko hapa ananisikiliza."

Akanyanyuka, akaondoka bila kuaga. Gunia la mahindi sikuliona tena.

Nilichojifunza: kweli iseme kwa jina lako, maana sauti yako wanaijua tu.

Nyie mliowahi kusema redioni, yaliwakuta yapi? Mwageni hapa. Mimi Canter niliuza kwa hasara ya milioni tatu na laki mbili, weka na vocha ya elfu tano.

Jumla 3,205,000/=.