Sauti Iliyozoea Kutangaza Misiba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mwili hunisisimka, nami si mtu wa kusisimkwa ovyo. Nimezaa, nimezika, nimekaa mbele ya kipaza sauti mpaka meno ya mbele yakaanza kunihama. Lakini siku ile ya Kilangala bado sijaizoea.

Nimekuita kwa sababu jana jioni nilikusikia redioni. Ulikuwa na waandishi wenzako mnajadili sera ya uvuvi na mambo ya Dodoma. Unaongea vizuri, mashallah, wala sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Sasa ulipofika mahali ukasema, "Serikali itafunga mwambao mzima, subirini mtaona," nikaweka kikombe chini. Nilijiuliza, huyu mtoto ameambiwa na nani? Basi kaa, kunywa chai, na hiyo simu yako ilaze kifudifudi nikusimulie.

Redio yetu ilikuwa changa wakati huo, nami nilikuwa msichana. Tulikuwa na vyumba viwili pale Mtanda, juu ya duka la Bwana Akbari, mzee wa Kihindi ambaye hata babu yake alizaliwa hapahapa Lindi. Chini aliuza vitambaa, sabuni na mafuta ya taa. Juu, alivyopenda kusema mwenyewe, sisi tuliuza maneno. "Mimi nikiuza kitambaa kibovu mtu anakirudisha," alikuwa akitutania. "Nyinyi mkiuza neno bovu linarudi wapi?" Tulicheka kwa adabu, maana ndiye mwenye nyumba.

Kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo ya vifo. Usiidharau kazi hiyo. Huku kwetu mtu akifariki Mingoyo, nduguze wa vijijini waliletewa habari na redio. Mama akilisikia jina, alifunga kanga. Baba aliingiza mbuzi zizini, wakashika njia. Katika maisha yangu yote ya kazi hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuniuliza kama nina hakika. Sauti imesema kafa, basi kafa, tumwahi kabla hajazikwa. Nilikuwa najiona mtu mkubwa kidogo, sikufichi, ingawa sikuwahi kufikiri uzito wa jambo lenyewe.

Baada ya matangazo hayo tulikuwa na desturi ya kupiga qaswida moja, nzima, mpaka mwisho wake. Watu wapumue, wenye kulia walie, wenye kufuta machozi wafute. Ndipo ulipoanza mjadala wa waandishi, na mwendeshaji wake alikuwa Salumu. Huyo Salumu alikuwa na sauti, mwanangu! Hata akisoma bei ya korosho ungedhani anakuposa. Mabarazani walimnukuu, sokoni walimnukuu, na yeye alijua kwamba wanamnukuu, na hapo ndipo penye tatizo.

Jioni moja mafua yalinifunga koo kabisa. Salumu akasoma misiba badala yangu. Umeme nao ulikuwa umekatika na kurudi, muda umetubana, kwa hiyo alipomaliza jina la mwisho aliiruka qaswida akaingia moja kwa moja kwenye mjadala. Sauti ileile na uzito uleule. Mgeni wake alikuwa Bakari, mwandishi wa gazeti aliyetoka Kilwa, mtu mtaratibu, mwenye kuuliza swali halafu akasubiri jibu. Walikuwa wanazungumzia mpango wa serikali wa kupanua barabara, na sera ya kuwafidia watu ardhi yao.

"Nyumba na mazao nimeyaona yametajwa," alisema Bakari. "Makaburi je?"

Salumu hakuwa amefika huko katika kuisoma sera hiyo. Nilimwona kupitia kioo akipepesa macho. Angeweza kusema tutafuatilia, na dunia ingeendelea. Lakini mji mzima unamsikiliza, na Bakari amemtazama.

"Makaburi yatahamishwa," alisema. "Ya Kilangala ndiyo ya kwanza, tena kabla ya Ramadhani kuingia."

"Umeyapata wapi hayo?"

"Ndugu yangu Bakari, mimi serikali naijua inavyopumua."

Tulicheka. Hata mimi na mafua yangu nilimwonyesha dole gumba. Tukafunga, tukaenda kulala.

Asubuhi Bwana Akbari alipanda ngazi mwenyewe, jambo asilolifanya kwa sababu ya magoti. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kututazama usoni. Alikuwa anahema.

"Zainabu, mwanangu," alisema, "Kilangala wamekufa wangapi?"

"Hakuna msiba Kilangala, babu."

"Basi mbona bafta ya sanda imekwisha dukani? Wamekuja tangu alfajiri. Jora zote nyeupe zimeondoka. Nimewauliza nani amefariki, wananiambia, ni wetu wa zamani."

Salumu alikuwa ameshika chapati. Niliona anaishusha taratibu mpaka mezani. Bwana Akbari ndiye aliyesema twende, akatutia katika pikapu yake, na njia nzima Salumu alikuwa akisema, "Watakuwa wamekwenda kuuliza ofisini kwanza. Hawawezi kuanza bila kuuliza." Alilisema hilo mara nyingi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, sijui nikuelezeje tulichokikuta. Nilitarajia vurugu, watu wanapiga kelele, wanailaani serikali. Haikuwa hivyo. Kijiji kizima kilikuwa makaburini, na kulikuwa kimya. Wanawake wamekaa upande wao, vyetezo vinafuka ubani. Wanaume wamesimama kwa safu, wametawadha, kofia kichwani. Bafta imekatwa vipande vifupi vifupi, kila kipande kimekunjwa na kuwekwa penye kaburi lake, maana mtu aliyelala miaka mingi hahitaji sanda ndefu. Upande wa pili wa shamba wamekwisha kufyeka mahali papya, na majani yamefagiwa. Yote hayo yalifanywa tangu jioni iliyotangulia, na hakuna askari aliyewaamuru wala katapila iliyowatisha. Ni sentensi moja ya Salumu.

Nilisimama pale nikaziangalia safu zile. Nimeona wakubwa wakija na misafara, watu wakipangwa barabarani kuwapungia. Sijaona amri iliyotiiwa kama ile. Subhanallah, nilisema moyoni, kumbe tuna nguvu hii, na tumekuwa tukiichezea kama watoto na kiberiti.

Mzee aliyetupokea aliitwa Chilumba. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa mahali pale, na kaburi la mwanzo katika safu lilikuwa la mama yake mzazi. Salumu alimwamkia kwa sauti ndogo, lakini mzee aliitambua. Uso wake ukafunguka, akamshika mikono yote miwili.

"Ni wewe! Jamani, mtangazaji mwenyewe amekuja!" aliwaambia watu. Kisha akamgeukia tena. "Mjukuu wangu, umefanya ubinadamu. Siku zote mnatutangazia misiba, hakuna aliyewahi kuja kuzika nasi. Mtendaji wetu amesafiri, tukasema hatumngoji. Kuliko mashine ije iwakute mama zetu wamelala, heri tuwaamshe wenyewe kwa heshima. Tulikuwa tunajadili jembe la kwanza alipige nani. Mimi mikono imenikataa, yule ni mama yangu. Wewe ndiye uliyetuletea habari. Tuanzishie kazi."

Akampa jembe.

Salumu alilipokea. Mtu akipewa kitu na mzee kwa mikono miwili huku kwetu hupokea, hata kabla akili haijafika. Alisimama pale na shati lake la redio, jembe mkononi, na watu wote wanamtazama kwa shukrani. Namwona mpaka leo. Niliomba ardhi inimeze, nami siye niliyesema, je, yeye?

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema mpango umebadilika usiku, tumekuja kuwaarifu, na wangemshukuru mara ya pili. Bwana Akbari aliniambia baadaye kwamba yeye alikuwa akiomba Mungu kijana aseme hivyo, ili apone. Salumu alipiga magoti, akalilaza jembe chini.

"Babu," alisema, "sijui kama yatahamishwa."

"Hujui?"

"Sijui. Niliulizwa swali, sikuwa na jibu, nikasema tu."

"Nani alikwambia kabla ya Ramadhani?"

"Hakuna aliyeniambia, babu. Ni mdomo wangu."

Nyuma kijana mmoja alianza kutukana, mzee akainua mkono, kijana akaacha. Mimi nilidhani sasa tunapigwa, na kwa kweli ningewaelewa. Mzee Chilumba hakumtazama Salumu. Alikwenda penye kaburi la mama yake, akachuchumaa, akakiondoa kile kipande cha bafta kilichokuwa juu yake, na akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mtu wa chumba cha pili:

"Mama, lala. Walikuwa wanazungumza."

Nililia, mwanangu. Salumu alilia. Bwana Akbari alikwenda kusimama nyuma ya pikapu yake akawa anakagua tairi ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Baadaye mzee alitukalisha. Hakufoka. Ningependa angefoka, ningesahau mapema. Alisema hivi: "Mjukuu wangu, sauti ile imeniambia kaka yangu amefariki, nikaenda nikamkuta amefariki. Imeniambia shemeji yangu, nikaenda nikamkuta. Sijapata kwenda nikakuta mtu yu hai. Sasa nifundishe. Jioni nikiisikia, nitajuaje saa hii inajua na saa hii inabahatisha? Uso wako siuoni. Nina hiyo sauti tu."

Salumu akasema, kwa uchungu aliokuwa nao, kwamba ataacha mjadala ule kabisa, redio ibaki na misiba na mawaidha. Hapo ndipo mzee alipokasirika.

"Uache? Sisi barabara yao tutamuuliza nani? Mimi nikienda mjini wananiambia njoo kesho. Wewe ukiuliza wanajibu, kwa sababu watu wanasikia. Usituadhibu kwa kosa lako! Kauliza, kisha utuambie ulichoambiwa. Na kama hukuambiwa, useme hukuambiwa. Kuna ugumu gani?"

Jioni ile Salumu alisoma misiba. Nikapiga qaswida mpaka mwisho wake. Kisha akasema, "Jana niliwaambia makaburi ya Kilangala yatahamishwa. Sijui. Sikuambiwa na mtu. Nimewakosea walio hai na waliolala, naomba radhi." Sijawahi kusikia neno "sijui" likitua kwa uzito ule. Tulitegemea simu za kutuzomea. Mtu wa kwanza kupiga alikuwa mama mmoja wa Mingoyo, akasema, "Mwanangu, tumekusikia. Sasa tuulizie kweli." Akakata.

Na aliuliza. Alizunguka ofisi mpaka makarani wakamchoka, na jibu alilolipata mwisho ni kwamba njia yenyewe ilikuwa haijapimwa. Akalisoma redioni kama alivyopewa, pamoja na jina na cheo cha aliyelitoa. Mjadala ulinoga kuliko zamani. Hata Bakari alikuwa akija kutoka Kilwa bila kubembelezwa. Jambo moja lilibadilika: Salumu hakuwahi tena kuongea haraka. Wasikilizaji wengine walidhani amezeeka ghafla.

Sasa, mwanangu, usije ukatoka hapa ukasema Bi Zainabu amekukataza siasa. Nikikukataza mzee Chilumba atanifuata ndotoni. Zungumza mambo ya nchi. Waulize wakubwa maswali yanayowakera, na ukisukumwa mlango huu, bisha ule. Kuuliza si ujinga, na nchi ambayo hakuna anayeuliza hulala njaa huku imeshiba hotuba. Lakini unalolijua liseme kwamba unalijua, na useme umelipata wapi. Unalolikisia, sema wazi kwamba unakisia, hata kama mgeni wako anakutazama na mji mzima unangoja. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wao hawakuwa na minara ya redio.

Hao unaoongea nao huwaoni. Wewe uko chumbani na feni yako, unatafuta maneno matamu ya kumshinda mwenzako. Yuko mvuvi anayesikiliza aamue kama atauza nyavu zake. Uliposema jana kwamba mwambao utafungwa, mimi nilimfikiria huyo. Kama una ushahidi, leo jioni utoe. Kama huna, leo jioni sema huna, tena kwa sauti ileile na saa ileile, usisubiri kesho. Utaona aibu, najua. Aibu haimuui mtu, mimi nilimwona Salumu akiivuka kwa magoti yake mawili.

Haya, maliza chai yako, muda umekwenda. Mola akupe sauti itakayoaminiwa na watu, kisha akupe hofu ya kuaminiwa. Akufungulie milango ya wenye majibu, na palipofungwa akupe ujasiri wa kusema pamefungwa. Akuepushe, wewe na kizazi chako, na siku ya kusimama mbele ya watu waliokuamini, ukakabidhiwa jembe. Amina.