Sidiria ya Tarumbeta

Shangazi hakushika kitu kabla ya kutemea mate viganja. Sufuria, ufunguo, mpini wa jembe, hata mkono wa mchungaji. "Bila mate kitu kinateleza," alisema, na mchungaji akajifunza kumpungia kwa mbali.

Tarumbeta nalo alilishika hivyo hivyo miaka yote katika bendi ya mazishi, hadi baridi yabisi ilipovikaza vidole vya mkono wa kushoto, ule unaobeba chombo chote huku mkono wa kulia ukibonyeza. Mate yakashindwa. Siku moja makaburini tarumbeta lilimponyoka, likaangukia jeneza: ngo!

Watu wakageuka. "Marehemu kalalamika?" akawauliza.

Kiongozi wa bendi, mzee wa kanisa mwenye haya kama mwari, hakucheka. "Dada, likianguka tena nampa shemeji yangu."

Shemeji mwenyewe hata filimbi ya refa ingemshinda.

Jioni hiyo Shangazi aliingia kwa mpwa wake, fundi cherehani, akakalia kitambaa cha mteja bila kuomba radhi. Mpwa akasimamisha cherehani, akamtazama. Mwanamke huyu alimpigia mumewe tarumbeta kaburini, na kesho yake akafua. Sasa alikuwa anavisugua vidole kama anayetafuta pete iliyopotea.

"Nifunge na hili tarumbeta, mwanangu. Wakininyang'anya hili nitabaki bibi wa kukaa mlangoni na kuuliza nani kapita."

Mpwa alianza na lastiki ya sketi. Ikavutika, tarumbeta likamgonga Shangazi meno.

"Yamebaki machache, fundi. Yaonee huruma."

Kisha Shangazi akaingiza mkono ndani ya blauzi, akaivua sidiria yake pale pale. "Kata hii. Imebeba mizigo mizito kuliko hili, na haijawahi kuangusha."

Mpwa alikata mkanda wa mgongoni, akaushonea kwa ndani kipande cha tyubu ya baiskeli ili usiteleze. Ukazunguka mkono na tarumbeta kwa pamoja, ukafungwa kwa kulabu zake zile zile.

Mazishi yaliyofuata Shangazi alipiga mpaka wimbo wa mwisho. Kiganja kilikufa ganzi, tarumbeta halikutikisika. Kazi ikawa kulitoa. Kulabu ziligoma, mkono wa kulia peke yake haukuziweza, mpwa alikuwa nyuma ya umati, na wafiwa walishajipanga kupeana mikono. Kiongozi wa bendi akasogea, akafumba macho, akazifungua kwa vidole viwili, mara moja tu.

"Kumbe mzoefu!" Shangazi akasema, na pumzi yake haikuwa ya kunong'ona.

Habari za shemeji hazikusikika tena.

Shangazi alipiga mpaka kifua kilipokataa. Alipolazwa, mpwa alimpelekea tarumbeta na mkanda wake, akaviweka pembeni ya mto. Shangazi alitemea mate viganja, akamshika mkono.

"Siku yangu, atakayepiga mfunge vizuri. Likiniangukia, mimi nitalalamika."