Rangi ya Damu ya Mzee

Kama wifi yangu angesema pole tu, haya nisingeyaandika. Lakini alisimama katikati ya sebule yangu na chupa ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akaniita binti wa Nyakach, kwa jina la kwetu: "Nyar Nyakach, si nimekusaidia? Nyumba ilikuwa inanuka mkojo."

Mtoto wangu alikuwa amekojoa kwenye kapeti. Mtoto wa kutambaa, ulitaka aende choo? Mimi nilikuwa nje naanua nguo. Niliporudi, huyo dada ya mume wangu alikuwa ameshaimwaga dawa yake kavukavu, bila hata tone la maji. Nikatazama kapeti la rangi ya damu ya mzee likigeuka chungwa, doa kubwa kama sinia.

Kapeti lile alinipa mama. Wanawake wa kwetu walipoleta vyombo vya kunijazia nyumba, kama mila inavyotaka, shangazi zangu walilibeba mabegani kutoka barabarani, wakiimba mpaka Kisian nzima, huku nilikoolewa, ikasimama kutazama. La sufu tupu. Mama alikuwa amelitoa sebuleni kwake Pap Onditi. Kwake sasa ni sakafu ya saruji tupu.

Na wanawake walewale walikuwa wanarudi wiki iliyofuata, kuona mtoto.

"Weka stuli juu ya doa," mume wangu akasema.

"Na dada yako nimwekee nini juu?"

"Wacha maneno, mama. Yeye ni mgeni."

Mgeni! Mgeni wa kuchagua minofu sufuriani kabla mwenye nyumba hajafunua kifuniko. Jioni hiyo nilimsikia kwenye veranda akicheka na simu: "Wacha hao watu wa Nyakach wakuje waone vile binti yao anaweka nyumba. Kwani nitanyamaza? Nitawaonyesha mimi mwenyewe." Kesho yake akarudi kwake Kombewa, akaahidi kurudi siku ya wageni kusaidia.

Hapo nikakata shauri. Kwanza kapeti. Halafu yeye.

Nilianza vibaya. Nilikimbilia rangi ya vikapu, ile wanayotia kwenye magugu maji yaliyosukwa, nikaijaribu pembeni chini ya kochi. Ilitoka yote kwa maji. Nikaenda mjini, kwa mama Mhindi anayeuza vitambaa.

"Carpet ya sufu?" akaniuliza. "Sufu ni nywele ya kondoo, mama. Chukua hii ya unga, nyekundu na bluu. Tia siki, tia moto. Lakini vaa glavu. Hii rangi napenda ngozi sana. Shika mkono, haitoki kwa sabuni, haitoki kwa maombi."

Nilicheka mwenyewe njia nzima.

Dawa ya wifi ilikuwa bado imelala ndani ya nyuzi, na rangi yoyote ingeliwa. Nilisuuza kwa maji, nikakamua kwa taulo, nikarudia. Nikasaga vidonge vya vitamini C, nikayeyusha, nikapaka ili dawa ile iishe nguvu, nikasuuza tena, nikaacha pakauke kabisa. Kisha nikapiga magoti na mswaki. Mara ya kwanza nilitia rangi nyekundu tupu, doa likawaka kama taa ya gari. Nikakaa chini nikalia kwa hasira. Halafu nikaelewa: wekundu ulikuwepo tayari. Kilichokuwa kimeibwa ni bluu. Nikachanganya bluu kidogo sana na maji moto na siki, nikagusa uzi baada ya uzi, kutoka ukingoni kwenda ndani, nikafunika kitambaa kibichi, nikapitisha pasi. Glavu zilipasuka vidoleni. Sikujali. Lilipokauka, nililitafuta doa nikalikosa.

Siku ya wageni nililizungusha kapeti, ili wifi asijue doa lilikuwa upande gani, nikaweka stuli mahali pengine kabisa, karibu na kabati, mahali pasipowahi kuguswa na dawa wala mkojo. Chini yake nikanyunyiza unga wa rangi uliobaki, nyekundu na bluu kidogo. Damu ya mzee juu ya damu ya mzee, nani ataona? Mtoto nikamfunga mgongoni.

Kwetu mama hali chakula mbele ya mkwewe, kwa hiyo mume wangu alikaa nje na wanaume. Kazi ya kunawisha wageni ikamwangukia dada yake. Alizunguka na birika na beseni, mikono inachuruzika maji, macho yanatafuta. Yakatua kwenye stuli.

"Mama," akamwambia mama yangu, sauti tamu kama sukari guru, "nisamehe kwa niaba ya nyumba hii. Ile carpet yenu mtoto ameiharibu, na mwenyewe anaficha. Mimi siwezi kudanganya wakwe."

Akaweka birika chini, akasukuma stuli. Hakuona kitu. Akainama, akapapasa kwa viganja, akasugua, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Umepoteza nini, mwanangu?" shangazi yangu mkubwa akauliza.

Akainua mikono. Viganja vyote viwili vilikuwa vyekundu kama vya mchinjaji.

"Yawa!" shangazi akaruka. "Na huyo ndiye ananinawisha? Toka na hilo birika!"

Wanawake wa Nyakach wakacheka mpaka mmoja akafungua kanga kiunoni apumue. Wifi akakimbilia bombani. Sabuni, majivu, ndimu. Nilimpelekea hata brashi ya viatu, kwa heshima zote. Jumapili alikwenda kanisani amekunja ngumi, hata wakati wa kupiga makofi.

Mume wangu aliniita katili. Mimi nikamwambia aweke stuli juu.

Siku ile ya wageni, walipoaga, mama alibaki nyuma. Akavua viatu, akasimama palepale doa lilipokuwa, akasugua kwa unyayo, taratibu. Sijui alijuaje. Kisha akanishika mkono, akatazama kucha zangu. Zilikuwa na rangi ileile.

Alinikunja vidole kimoja kimoja mpaka ikawa ngumi, akaifunika kwa ncha ya kanga yake, tukatoka hivyo mpaka kwenye gari, tukimpita wifi yangu bombani, bado anasugua.