Samaki wa Paka

Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, sikumpenda, na sitajidai leo kwamba nilimpenda. Alikuja kukaa nasi Kikwajuni kutoka Mkokotoni, na siku ya kwanza tu alifunua sufuria zangu akaguna. Nikaapa hatapata la kusema. Kila asubuhi nilimtengea mkate wa kumimina na chai ya maziwa, sukari nikiizidisha makusudi, ili akirudi kwao asije akawaambia binti zake kwamba kwangu kanyweshwa chai chungu. Mchana na usiku nikampelekea wali chumbani kwake. Sahani zilirudi tupu. Ahsante sikuisikia, na yeye alizidi kukonda. Nikasema moyoni, roho mbaya hiyo inamla.

Aliyenenepa ni paka wangu. Kisha akaanza kunywa maji bila kukoma, miguu ya nyuma ikamlegea, akawa anaiburura. Daktari wa mifugo alimpima damu akasema ni sukari. Apigwe sindano asubuhi na jioni, na ale samaki wa kuchemsha, asiye chumvi, kwa kipimo. Wali, mkate na maziwa asiguse, la sivyo sindano hazitafua dafu. Mavyaa aliposikia paka atapikiwa chakula chake mbali, alicheka mpaka akakohoa.

Samaki wa paka, kibua, nilimpima kwenye mizani, sikukosa hata siku moja. Paka akazidi kudhoofika. Daktari aliniuliza kwa ukali nampa nini kingine. Nikaapa, Wallahi simpi kitu.

Asubuhi moja nilikwishatoka, nikarudi kuchukua miwani. Mavyaa alikuwa mkekani, anachovya mkate wangu kwenye chai yangu na kumlisha paka kwa mkono wake.

"Mama, unaniulia paka wangu," nilimwambia.

Alijifuta vidole kwa kanga, wala hakushtuka. "Na mimi nna sukari, mwanangu. Vyote hivi nshakatazwa kabla sijaja hapa."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu angenirudishiaje sahani na mimi nimehangaika tangu alfajiri, ningesema ananikataa. Na chakula kukitupa ni dhambi. Hasira zilinizidi, kwa sababu kweli ningesema hivyo hivyo, tena ningesema mpaka Mkokotoni wasikie.

Paka alikufa wiki ile ile. Nilimzika nyuma ya nyumba huku nalia, mavyaa ananitazama dirishani, na nilimchukia kuliko siku zote.

Kesho yake samaki wa paka bado alikuwemo kwenye friji. Nikampasha moto, sikumkamulia hata ndimu, nikambwagia mavyaa mbele yake kwa shari. Alimjua samaki yule ni wa nani. Alimla taratibu, akabakisha miiba mitupu, akalamba vidole.

"Tangu nije kwako," akasema, "leo ndo nimeshiba."